Nguo Isitupwe Bado: Mwongozo Kamili wa Kushona na Kubana Matumizi kwa Mbinu za Enzi ya Vita

Tarehe 1 Juni 1941, Jumapili ya Pentekoste, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walitangaziwa kwamba kuanzia siku hiyo pesa peke yake haitoshi kununua nguo. Oliver Lyttelton, aliyekuwa akiongoza Bodi ya Biashara, yaani wizara ya biashara ya Uingereza, alieleza kwamba kila mtu mzima atapata kuponi 66 za kumtosha mwaka mzima. Bei unailipa kama kawaida, na kuponi unatoa juu yake. Koti la kike lenye bitana lilikula kuponi 14, gauni la sufu 11, sketi 7, viatu 5. Piga hesabu: mwanamke aliyenunua vitu hivyo vinne tu alikuwa amemaliza kuponi 37, zaidi ya nusu ya mwaka, na hajagusa nguo za ndani wala soksi.

Sababu ilikuwa wazi. Viwanda vilitakiwa kushona sare za askari, na nafasi kwenye meli ilihitajika kwa silaha na chakula. Kuponi ziliendelea kupungua hata baada ya mizinga kunyamaza: kuanzia Septemba 1945 hadi mwisho wa Aprili 1946 zilitolewa 24 tu. Mgao wa nguo ulifutwa tarehe 15 Machi 1949.

Watanzania wenye umri wa kutosha hawahitaji maelezo marefu hapa. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni za sabuni, kanga na vitenge, na shati lililochanika lilirudi kwa fundi mara nyingi kabla ya kuachwa. Siku hizi mitumba imejaa na nguo mpya za bei ya chini zipo kila kona, lakini nyingi hazimalizi mwaka. Ndiyo maana naona mbinu za akina mama wa miaka ya 1940 zinafaa kujifunza upya, tena kwa makini. Na jambo moja ndilo linalozibeba zote: hawakusubiri nguo ichanike. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika nguo ufa huonekana mapema sana ukijua pa kutazama.

Anza kwa kukagua, usianze na sindano

Toa kila kitu nje: nguo za watu wote wa nyumbani, mashuka, foronya, mataulo, mapazia, na zile zilizofungwa kwenye mfuko zikisubiri "siku moja". Chukua moja moja, inue mbele ya dirisha mchana. Kitambaa kizima huziba mwanga sawasawa. Kilichoanza kulika hupitisha mwanga kama chekeche, na utashangaa ni mara ngapi sehemu hiyo ukiitazama mezani inaonekana haina tatizo lolote.

Tazama hasa viwiko, magoti, makalio, makwapa, mkunjo wa kola, ukingo wa mikono ya shati, na katikati ya shuka pale mabega yanapolala. Weka alama ya chaki kila unapoona mwanga mwingi. Kisha gawa mafungu: nguo nzima, nguo zilizolegea mahali lakini hazijachanika, zilizochanika, na zile ambazo hazitavaliwa tena ila kitambaa chake kipo. Fungu la pili ndilo la kushughulikia kwanza. Watu wengi hukimbilia la tatu kwa sababu ndilo linaloudhi macho, na wakiwa humo la pili nalo linachanika.

Kanuni nyingine ya kuanza nayo leo hii: tundu lizibwe kabla nguo haijafuliwa. Maji, kusugua na kukamua hugeuza tundu la upana wa njegere kuwa mpasuko. Hata kama huna muda, piga bandi (mishono mirefu ya muda) mbili tatu za kushikilia, ndipo uloweke.

Vifaa

Huhitaji cherehani kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Tafuta sindano nyembamba na nene kidogo, uzi mweupe, mweusi, wa kahawia na wa bluu ya sare, mkasi mkali usiotumika kukatia karatasi, mkasi mdogo wa kufumulia, chaki, pini, tepu ya kupimia na pasi. Pasi usiidharau. Kiraka kilichopigwa pasi kabla na baada ya kushonwa hukaa kimya kwenye nguo. Kisichopigwa hujikunja na kujitangaza.

Ongeza kopo la vifungo. Nguo yoyote inayokwenda kuwa dasta ikatwe kwanza vifungo, zipu, vishikizo na lastiki iliyo hai. Funga vifungo vya seti moja pamoja kwa uzi, la sivyo siku ya kuvihitaji utapata vitatu vya aina moja na kimoja cha ajabu.

Shuka: pembeni kuja katikati

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inashangaza jinsi ilivyosahaulika. Shuka la pamba hulika katikati tu. Pembeni, palipochomekwa chini ya godoro, kitambaa kinabaki karibu kama kipya. Akina mama wa Uingereza waliligeuza shuka zima kwa kuhamisha kingo za pembeni kuja katikati, na serikali ikawasisitiza kufanya hivyo wakati wa vita. Fanya mapema, kitambaa kikiwa kimelegea tu. Kikishachanika vibaya, umechelewa.

1. Fua shuka, likauke, lipige pasi. Likunje mara mbili kwa urefu, ukingo juu ya ukingo, na uweke alama ya chaki kwenye mkunjo.

2. Kata kwa kufuata mkunjo kutoka kichwani hadi miguuni. Sasa una vipande viwili virefu, kila kimoja kina upande mzima na upande uliolika.

3. Badilisha vipande nafasi, ili kingo za nje zikutane katikati. Kama kingo hizo ni zile za kiwandani, hazitoki nyuzi: zipandishe moja juu ya nyingine kwa sentimita 1, piga bandi, kisha shona mistari miwili sambamba, mmoja karibu na kila ukingo. Mshono utalala bapa na hautaumiza anayelala. Kama zina pindo la kiwandani, lifumue kwanza, kisha shona mshono wa kujifunika, yaani ukingo mmoja unaukunjia mwingine ndani na kuushonea chini.

4. Upande uliolika sasa uko nje. Punguza utepe wa kama sentimita 5 kila upande, hasa palipokonda kabisa, kisha pinda mara mbili pindo jembamba na ushone.

Shuka la upana wa sentimita 230 litabaki na kama 215. Likiwa dogo kwa kitanda kikubwa, lihamishie kitanda cha watoto. Tepe ulizokata ni dasta za vumbi, na zile ndefu zenye nguvu kiasi ni kamba za kufungia mboga au mche wa nyanya.

Taulo nalo hukubali mbinu hii, ila mshono wake ni mnene. Mimi naona bora taulo likatwe vitambaa vya kuogea na kufutia mikono, kila kimoja kikapindwa kingo zote nne.

Kugeuza kola ya shati

Shati la kiofisi au la shule hufa kwenye kola wakati mwili wake bado mzima kabisa. Kola ina pande mbili, na ule wa chini haujawahi kusuguana na shingo. Kabla ya kufumua, kagua mambo mawili: upande wa chini uwe wa kitambaa kile kile, na ncha za kola zisiwe na vishimo vya vifungo. Ikiwa navyo, acha.

Tafuta katikati ya kola na katikati ya ukanda unaoshika kola, weka pini au chaki pote pawili. Usiruke hatua hii. Kola iliyorudishwa bila alama hukaa upande, na ncha moja huonekana ndefu. Sasa fumua mshono mmoja tu, ule unaoiunganisha kola na ukanda wake. Usivute nguo kwa nguvu: kata kila mshono wa tatu au wa nne kwa upande mmoja, kisha geuza na uvute uzi wa upande wa pili, utatoka mrefu wenyewe. Ondoa mabaki ya nyuzi, piga pasi.

Palipolika pawekewe kitambaa chembamba juu yake na kushonwa kwa mishono midogo ya kwenda na kurudi. Sehemu hiyo sasa itakuwa chini, haitaonekana, lakini bila kuizuia itaendelea kuchanika hadi ifike juu. Geuza kola, iingize tena katikati ya tabaka mbili za ukanda, alama kwa alama, anza kubana na pini kutoka katikati kwenda kwenye ncha. Piga bandi, jaribu kuivaa, kisha shona juu ya matundu ya mshono wa zamani. Fundi wa mtaani akiwa na cherehani haitamchukua muda, ukimweleza vizuri unachotaka.

Mikono mirefu iliyolika ukingoni ikatwe iwe mifupi, na kitambaa kinachobaki ni akiba ya viraka vya shati hilo hilo. Usikichanganye na mabaki mengine. Kiviringishe na ukifunge kwa uzi.

Kiraka kinachodumu

Kosa linaloua viraka vingi ni kushonea kitambaa kipya kigumu juu ya kitambaa kikongwe. Kipya hupungua kikifuliwa, kikavuta, na nguo ikachanika pembeni mwa kiraka. Tumia kitambaa cha umri wa nguo yenyewe. Unakipata wapi? Ndani ya mfuko, kwenye pindo la chini, au kwenye mkia wa shati unaochomekwa ndani ya suruali. Chukua kipande hapo na uweke kitambaa kingine chochote mahali pake, maana hapaonekani. Ukilazimika kutumia kipya, kifue na ukipige pasi kwanza.

Kiraka kiwe kikubwa. Kivuke tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande, hadi kifike penye kitambaa chenye nguvu. Nyuzi za kiraka zielekee sawa na nyuzi za nguo. Mtande (nyuzi za urefu) ukilala juu ya mshindio (nyuzi za upana), kiraka kitavuta. Kishikize kwa ndani na upige bandi. Geuza nguo, kata tundu liwe mraba, chanja pembe zake nusu sentimita, kunja kingo kwa ndani na uzishonee kwenye kiraka kwa mishono midogo isiyoonekana. Mwisho rudi ndani, shona kingo za kiraka chenyewe.

Kwa magoti ya watoto na makalio ya suruali za kazi, weka kiraka cha ndani wakati nguo bado mpya. Wengi huona ni uchuro kutia kiraka nguo ambayo haijachanika. Ni akili, na mtoto hatajua kama kipo.

Fulana na nguo nyingine za kunyumbuka zina tabia yake. Kiraka chake kitoke kwenye fulana nyingine, na mishono iwe ya kwenda mshazari, la sivyo uzi utakatika nguo ikivutwa.

Tundu la soksi na sweta

Hapa hakuna kiraka, kuna kufuma. Ingiza kibuyu kidogo au balbu iliyoungua ndani ya soksi ili kitambaa kitandazike bila kuvutwa. Anza sentimita moja nje ya tundu, kwenye sehemu nzima, na usifunge fundo: fundo ndani ya kiatu ni jiwe. Pitisha uzi juu na chini kwa mistari iliyokaribiana, ukivuka tundu moja kwa moja. Kila unapogeuka acha kitanzi kidogo cha uzi, kwa sababu uzi utapungua ukifuliwa. Ukishalijaza tundu kwa nyuzi za upande mmoja, geuza na ufume kwa kukatiza: juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine, mstari unaofuata kinyume chake. Unachotengeneza ni kitambaa kipya kabisa. Uzi uwe wa unene wa soksi. Uzi mnene husugua, mwembamba hukata.

Sweta lililochakaa viwiko kiasi cha kutotengenezeka lifumuliwe. Wakati wa mgao, aunsi mbili za sufu, yaani kama gramu 57, zilitaka kuponi moja, kwa hiyo sweta kuukuu lilikuwa akiba. Fumua mishono ya pembeni kwanza, kisha anza kuvuta uzi kutoka mwisho wa ufumaji. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na uutundike na uzito mdogo chini ili unyooke. Sweta lililokatwa na kushonwa kama kitambaa halifumuki hivi, litakupa vipande vifupi tu. Tazama mshono wa pembeni kabla hujaanza.

Nguo ya mtoto anayekua

Ukishonesha sare, mwambie fundi aache pindo la sentimita 8 hadi 10 kwenye sketi na suruali, na akiba pembeni kwenye mishono ya kiuno. Gharama ya ziada ni ndogo ukilinganisha na sare nyingine. Ukiachia pindo, mstari wa zamani utabaki. Upake maji yaliyochanganywa na siki kidogo, kisha piga pasi. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Ukigoma kabisa, ufunike kwa utepe wa rangi unaopatana.

Pindo likiisha, kuna njia mbili. Shonea utepe wa kitambaa kingine chini kwa ndani uwe pindo bandia, ili sentimita zote za kitambaa chenyewe zitumike kwa urefu. Au kata gauni kiunoni na uingize ukanda wa kitambaa tofauti. Watu hupenda kurefusha chini tu, lakini mtoto hurefuka kiwiliwili pia, na gauni lililorefushwa chini peke yake litambana makwapani.

Uingereza ilikuwa na vituo vya kubadilishana nguo za watoto vilivyoendeshwa na Women's Voluntary Service, shirika la wanawake wa kujitolea: unaleta iliyombana wako, unachukua inayomtosha. Kwenye vikundi vya akina mama na shuleni jambo hili linawezekana wiki hii hii, hasa kwa sare na viatu.

Suruali ya baba kuwa kaptula ya mwana

Usikate kwanza. Fumua, maana mishono ina kitambaa kilichofichwa ambacho hakijawahi kupata jua. Fua vipande, vipige pasi, viinue kwenye mwanga na utie alama ya msalaba kila palipokonda. Katika suruali, sehemu nzima kwa kawaida ni mbele ya paja na nyuma ya goti kwenda chini. Kata ramani ya kaptula kwa gazeti, ukipima kaptula inayomtosha mtoto na kuongeza sentimita 1.5 za mshono. Kabla ya kufumua pindo la miguu, jaribu kama ramani inaweza kukaa chini kabisa: pindo la baba likawa pindo la kaptula, na kazi imepungua nusu. Kitambaa kikiwa kimepauka nje, geuza, tumia upande wa ndani.

Kuna kanuni za 1942 zilizowabana washonaji wa Uingereza: idadi ya vifungo, mifuko na mikunjo ilipunguzwa, na suruali za kiume zikakatazwa kukunjwa miguuni. Utoke na fundisho hili unapochagua mtumba: lipa kwa ajili ya kitambaa na mishono, si mapambo. Geuza nguo ndani nje hapo hapo kibandani. Mshono mpana, pindo refu na kitambaa kisichopitisha mwanga magotini vina thamani kuliko jina kifuani.

Sabuni, na kapu la mabaki

Sabuni iliingizwa kwenye mgao Februari 1942. Vipande vidogo vya sabuni havikutupwa, na mbinu yake ni rahisi: shona kifuko cha kitambaa chepesi cha wazi, jaza vipande, funga mdomo, kitumie kuogea au kuoshea vyombo mpaka kiishe. Anika nguo zikiwa ndani nje na kivulini, hasa za rangi. Ukanda wa pwani usifungie nguo sandukuni kabla hazijakauka kabisa. Ukungu huharibu pamba kuliko uvaaji.

Mwisho wa safari ya kitambaa ni vipande visivyofaa hata kiraka. Hivyo vina kazi nzuri: kapu la kupikia bila moto. Waingereza walijaza sanduku nyasi kavu. Wewe utatumia mabaki ya vitambaa yaliyokatwa madogo. Tafuta kapu lenye kifuniko linaloizidi sufuria kwa upana wa kiganja kila upande. Shona mito mitatu: mmoja wa chini, mmoja mrefu wa kuzunguka, mmoja wa juu, kila mmoja unene wa sentimita 10 hivi, ijazwe bila kushindiliwa maana hewa iliyonaswa ndiyo inayoshika joto. Foronya za mito ziwe za kuvuliwa na kufuliwa.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya dakika 20 hadi 30 yakitokota kwelikweli. Usipunguze muda huo. Maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha hudhuru tumbo. Hamisha sufuria na mfuniko wake moja kwa moja kutoka jikoni hadi kapuni, funika kwa mto, na usifungue kwa saa 4 hadi 6. Sufuria iwe karibu kujaa, kwa sababu iliyo nusu hupoa haraka. Kabla ya kula irudishe motoni ichemke tena, na hapo ndipo utie chumvi, kitunguu na nazi.